Tiketi ya Baba Haina Kurudi

Turudi haraka kwenye ofisi ya wakala wa safari, maana tuliwaacha pale watu watatu na wote wamebana pumzi.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, mambo yalikuwa hivi. Fundi Miwani alikwenda kuchukua tiketi za likizo ya familia: yeye, mdogo wake wa kike na baba yao, wiki mbili katika ile nchi ndogo ya magharibi mwa Afrika, nyembamba kama utepe, iliyolala kandokando ya mto mmoja mpana. Tiketi yake ilikuwa ya kwenda na kurudi. Ya mdogo wake, kwenda na kurudi. Ya baba yao ilikuwa ya kwenda tu. Alipogeuka kuuliza, mdogo wake huyo hapo mlangoni, faili la safari kalikumbatia kifuani, na maneno aliyotoa yalikuwa mawili.

"Kumbe umeshajua."

"Nimeshajua nini?" Fundi Miwani aliuliza.

Mdogo mtu alivuta kiti, akakaa, akaweka faili magotini. Huyu ni mwalimu wa jiografia wa sekondari, na hata nyumbani wanamwita Mwalimu, kwa sababu hajui namna nyingine ya kuongea na watu. Kwa miezi miwili alikuwa ameipanga likizo hii kama anayetunga mtihani. Ndani ya lile faili mlikuwa na ramani, jedwali la mvua, orodha ya vidonge vya malaria, picha za viboko wa mtoni na za hoteli yenye mashuka meupe. Alikuwa ameshaamua hata siku ya kuvaa kofia.

"Kaa chini, Dada. Tusiwape watu sinema."

"Sikai. Baba anarudi lini?"

"Harudi na sisi."

"Nani kasema?"

"Mwenye tiketi."

Wakala, mama wa makamo mwenye kucha za zambarau, alijitia anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Wewe," Fundi Miwani alimgeukia. "Ifute hiyo tiketi."

"Siwezi, dada yangu. Mpaka aje mwenyewe. Mteja akitaka kwenda tu, namkatia kwenda tu. Hata viza yake si ya matembezi, ni ya kukaa. Ndiyo maana mwenyeji wake wa kule ilibidi aandike barua."

"Barua gani?" aliuliza Mwalimu.

Hapo ndipo Fundi Miwani alipomwona mdogo wake akibadilika rangi. Mwalimu alijua habari ya tiketi. Habari ya barua hakuijua.

Wakala naye alitambua kwamba mdomo umeshamponyoka. Alinyoosha mkono kuifunika bahasha iliyokuwa mezani, lakini Fundi Miwani, ambaye kazi yake ya kila siku ni kukata vioo vya miwani kwa kipimo cha unywele, ana mikono myepesi. Aliitwaa kabla zile kucha hazijafika.

Barua ilikuwa ya Kiingereza, mistari minne. Mwandishi alikuwa mwanamke. Alisema atampokea mgeni wake, atamlaza kwake na kumtunza kwa muda wote atakaokaa. Chini aliweka sahihi na namba ya simu. Na chini kabisa, kwenye kisehemu cha kujaza, paliulizwa: uhusiano na msafiri.

Palijazwa: binti yake.

"Nilijua," Fundi Miwani alisema taratibu. "Miaka kumi na tisa mimi najua."

*

Gari la Mwalimu ni dogo, na watu wawili wasiopatana wakikaa mbele wanalazimika kugusana mabega. Walikwenda hivyo mpaka kwenye taa za barabarani.

"Ulijua nini miaka kumi na tisa?" Mwalimu aliuliza.

"Nilitafuta bisibisi kwenye sanduku la Baba la vifaa. Nikakuta barua ya kutoka huko huko. Mwandiko wa kike. Imeandikwa: nakusubiri, nawe unajua kwa nini."

"Na hukusema."

"Nimwambie nani? Mama? Nimuue? Unajua mwenyewe nchi ile haitajwi ndani ya nyumba yetu. Kwenye taarifa ya habari ikitajwa, Mama anazima redio. Wewe ulidhani anaogopa nini, joto?"

Mwalimu alibadilisha gia kwa nguvu.

"Kwa hiyo ndiyo sababu humwamkii Baba vizuri."

"Namwamkia."

"Unamwamkia kama askari wa getini. Na likizo ukakubali haraka haraka, mimi nikashangaa. Mwanamke hajapanda hata mashua, leo anataka kwenda kuona viboko."

"Sikukubali kwa ajili ya viboko. Nilitaka nimwone huyo mwanamke uso kwa uso, nimwambie maneno yake, nirudi. Kumbe si hawara tu. Kumbe kuna na mtoto."

Taa zilibadilika. Gari la nyuma likapiga honi.

"Na wewe," Fundi Miwani aliendelea, "mwalimu mzima, unaambiwa tiketi ya kwenda tu, unaandika kwenye faili lako, basi?"

"Aliniambia anataka kupumzika kidogo zaidi yetu. Kwamba ya kurudi atakata hukohuko."

"Ukaamini."

"Nilitaka kuamini. Wewe humtaki, Mama haongei naye. Angalau mimi nimpe raha ya kuamini anachosema."

"Kipenzi cha Baba."

"Na wewe cha Mama. Shuka, tumefika."

*

Nyumbani kwao ni ghorofa ya tatu. Mlango mmoja wa mbao, na nje yake mlango mwingine wa nondo. Vyumba viwili na sebule. Roshani inaangalia nyuma, kwenye matangi ya maji.

Walimkuta mzee sebuleni, sanduku liko wazi juu ya kochi. Huyu ndiye Mzee Pantoni. Ujanani alikuwa fundi wa injini za pantoni iliyokuwa ikivusha watu na magari kwenye ule mto mpana, na jina likamganda. Sasa ana miaka sabini na miwili na alikuwa akijaribu kofia ya jua mbele ya kioo cha kabati.

Mama yao, mkunga mstaafu, alikuwa upande wa pili wa sebule akipiga pasi mashati. Mashati yale yalikuwa ya mzee. Msomaji wangu, uone ajabu ya ndoa: wiki sita walikuwa hawajasemeshana, lakini shati la safari lazima linyooke.

"Mwambieni baba yenu," Mama alisema bila kugeuka, "soksi zake nyeusi ziko kwenye kamba."

"Mwambieni mama yenu nimezichukua," mzee alijibu.

Fundi Miwani hakumwambia yeyote chochote. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya pasi, akailaza ile barua juu ya shati, chini ya macho ya mama yake.

"Soma."

Mama alisoma. Mkono wenye pasi ulisimama. Alisoma tena, polepole, kama anayesoma jina la mgonjwa kitandani. Harufu ya kitambaa kinachoungua ilianza kupanda, na hakuna aliyeijali.

"Mama, pasi," Mwalimu alisema.

Mama aliinyanyua. Kwenye mgongo wa shati palikuwa na alama ya kahawia, sura kamili ya pasi.

"Sikutaka ujue kwa njia hii," Fundi Miwani alimwambia. "Lakini ni heri ujue sasa kuliko tuachwe kwenye uwanja wa ndege wa watu. Huyu bwana ana mtoto huko. Haendi likizo. Anahama. Ametupanga sisi watoto wake tumsindikize kwa mtoto wake mwingine, tukipiga picha njiani."

Kisha alimgeukia baba yake, na kinywa kikafunguka. Yalitoka ya miaka kumi na tisa yote. Alimwita mnafiki. Alimwita mzee asiye na haya. Alimwambia kwamba kila alipomwandalia chakula alitamani sahani impasukie mkononi.

Mzee Pantoni alivua kofia. Alimtazama mkewe tu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita akamsemesha.

"Utasema wewe, au niseme mimi?"

"Miaka arobaini na minne hujasema. Leo kimekuwasha nini?"

"Watoto wanaumia."

"Ulipomuumiza yule hukuona?"

"Yule nani?" Mwalimu aliuliza. "Jamani, ongeeni na sisi tuelewe. Yule nani?"

Mama alichomoa waya wa pasi ukutani. Akauzungusha waya kwenye mpini, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ukaisha.

"Mtoto si wake," alisema. "Ni wangu."

*

Jengo zima lingeanguka pale, wale dada wawili wasingeshtuka zaidi.

Fundi Miwani alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya sanduku la baba yake, juu ya mashati.

"Wako na nani?"

"Na mtu aliyekufa kabla hujazaliwa. Msinikatize, nitasema mara moja tu. Mimi ndiye niliyetangulia kule, si baba yenu. Tulipelekwa wakunga tisa, mkataba wa miaka miwili, zahanati ya juu kabisa ya mto. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Kulikuwa na kijana mwenye boti, ndiye aliyekuwa akituletea dawa. Tukapendana. Mto ukamchukua wakati mimi nina mimba ya miezi saba. Nikajifungua mtoto wa kike kwenye zahanati ileile niliyokuwa nazalisha wenzangu. Baba yenu alinikuta mtoto ana miezi sita, anaanza kukaa."

"Kwa hiyo mimi..." Fundi Miwani alianza.

"Wewe ni wa pili."

Maneno mafupi, lakini yalimwingia kama kisu cha baridi. Maisha yake yote alikuwa kifungua mimba. Ndiyo sababu aliacha shule mapema ili mdogo wake asome, ndiyo sababu hakuolewa mbali, ndiyo sababu neno lake lilikuwa neno la mwisho kwenye kila kikao. Hata jina lake la nyumbani ni Dada. Sasa anaambiwa, akiwa na miaka arobaini na moja na amekalia mashati, kwamba dada yupo mwingine.

"Ulimwachaje?" Mwalimu aliuliza. Sauti ya darasani ilikuwa imemwisha.

Mama alimnyooshea mumewe kidole.

Mzee Pantoni alijibu akiwa amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliye mbele ya bosi.

"Mimi nilimwambia achague. Mkataba wake ulikuwa unakwisha, wangu pia. Nilisema nitamwoa, turudi nyumbani. Lakini nilisema nyumbani kwetu siwezi kuingia na mtoto wa mwanamume mwingine. Wazee wangenicheka. Nikasema tumwache kwa yule mama mwenye nyumba aliyempangisha mama yenu, aliyekuwa akimpenda sana mtoto, na mwaka mmoja ukipita, wazee wakishamzoea mke wangu, nitamfuata mwenyewe."

"Na mwaka ulipopita?"

"Nikasema mwakani. Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe."

"Na baada yangu?"

"Nikasema mwakani."

Fundi Miwani alimtazama mzee yule. Alimtafuta yule mwongo wa wanawake aliyemchukia tangu akiwa na miaka ishirini na mbili, hakumwona. Alimwona mwingine, na hakujua kama huyu ni nafuu au ni mbaya zaidi.

"Ile barua ya kwenye sanduku la vifaa?" aliuliza.

"Niliugua mwaka ule, mnakumbuka, nikalazwa. Nikaogopa kufa na jambo lile. Nikamwandikia yule mama mwenye nyumba, akajibu yeye, mtoto mwenyewe. Alikuwa mtu mzima. Akaniuliza: unakuja kunichukua? Nikajibu naja. Basi akawa ananisubiri. Tangu hapo tunaandikiana. Ananiita baba. Sikumfundisha mimi, amejifundisha."

"Na Mama hukumwambia?"

"Amenambia wiki sita zilizopita," Mama alidakia. "Ananiletea na picha ya hoteli. Ananambia twende likizo, mke wangu, tukamwone. Likizo. Eti kuna bwawa la kuogelea."

"Sikujua nianzeje," mzee alisema.

"Ndiyo maana nikamwambia: ukivuka mlango huu kwenda kule, usirudi. Nilidhani ataogopa. Kumbe kaenda kukata tiketi kama nilivyomwambia."

Hiyo ndiyo siri ya tiketi, msomaji. Wala hapakuwa na hawara wala nyumba ndogo. Ni mke aliyesema neno kwa hasira na mume aliyelitii.

Mwalimu alikuwa analia sasa, faili limemdondoka, viboko na ramani vimetapakaa sakafuni. Fundi Miwani hakulia. Hasira yake ilikuwa imepoteza mtu wa kumshukia, ikawa inazunguka chumbani inatafuta.

"Mama, sikuelewi. Ni mwanao. Umemwacha kule miaka yote. Leo mtu anataka kumfuata, wewe unamfukuza nyumbani?"

"Anakwenda kujiosha."

"Kujiosha nini?"

"Hebu fikiri, wewe mwenye akili. Atafika kule na kofia yake. Atalia. Watakumbatiana. Atasema nisamehe binti yangu, nilikosea, na kwa kuwa amesafiri mbali atasamehewa. Na mimi? Mimi nitakuwa nani kwenye kumbatio hilo? Mama aliyemtupa. Nani atakumbuka aliyesema chagua? Mwanamume akifika mwisho ni baba mwema. Mwanamke akifika mwisho ni shetani. Akienda yeye kwanza, amenimaliza."

"Basi twende wote," Mwalimu alisema huku akijifuta. "Viti vipo. Msimu ni mzuri, mvua zimekwisha. Unahitaji kadi ya chanjo ya homa ya manjano tu, unachomwa kesho."

Mama alimtazama kwa chuki ya kweli.

"Mimi nimechoma watu chanjo hiyo kabla baba yako hajajua mto ule uko wapi. Usinifundishe."

Fundi Miwani alikuwa ameshainuka. Aliichukua ile barua pale mezani, akatoa simu.

"Unafanya nini?" mzee aliuliza.

"Ninyi wote wawili mmemwamulia huyu mtu tangu ana miezi sita. Nataka nimsikie yeye anataka nini. Kama anataka Baba aje, aje. Kama anataka Mama, Mama atajijua. Na kama hataki kutuona, tuifunge biashara hii leo hii na likizo ife."

"Usipige," Mama alisema.

Alikwishapiga. Aliweka sauti ya nje na kuilaza simu juu ya meza ya pasi, kwenye lile shati lililoungua.

Iliita mara nne. Iliitikiwa na sauti ya kiume, changa, kwa Kiingereza chenye mwendo wa kwao. Fundi Miwani alijikusanya, akauliza kama mwenye namba yupo.

Mama hayupo, kijana alisema. Yeye ni mwanawe. Nani anauliza?

Fundi Miwani alisema anapiga kutoka kwa mzee wa pantoni.

Kijana alicheka kwa furaha, kicheko cha mtu anayedhani wenzake wanajua anachojua.

Kwa hiyo amefika, alisema. Mungu ni mwema. Sisi hapa tulikuwa na wasiwasi.

"Nani amefika?" Mwalimu alinong'ona.

Kijana aliendelea kueleza. Kwamba babu alimpigia mama yake wiki sita zilizopita na kumwambia ukweli: bibi amekataa kuja. Mama yake hakulia. Alisema basi, kama bibi haji, nitakwenda mimi. Akaanza kuhangaikia viza, kimya kimya, akatuma ile barua ya viza ya babu ili mtu asishuku kitu. Alipanda ndege juzi. Ametua kwenu leo mchana. Saa moja na nusu iliyopita amenipigia, yuko nje ya uwanja na sanduku, anaonyesha anwani kwa dereva wa teksi. Je, naweza kuongea naye?

Kutoka uwanja wa ndege mpaka nyumba ile ni dakika arobaini. Dakika sitini kama kuna foleni.

Fundi Miwani alikata simu bila kuaga.

"Anwani nani kampa?" Mama alimuuliza mumewe.

"Iko nyuma ya kila bahasha niliyomtumia," mzee alisema. "Mke wangu, naapa sikujua kwamba anakuja. Naapa."

"Sasa tutamwambia nini?" Mwalimu alianza kuokota makaratasi, kama kwamba tatizo lilikuwa uchafu. "Kwanza atakula wapi, atalala wapi, tutamwita nani..."

Mlango ulibishwa.

Mara tatu, taratibu, kwa kifundo cha kidole. Hodi ya mgeni. Majirani wa pale huwa wanapiga kwa kiganja na kuita jina juu.

Mzee Pantoni alipiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Mama alimwahi. Miaka sitini na minane ile ilikatiza sebule kama msichana, akasimama na mgongo mlangoni, mkono mmoja umechukua mtungo wa funguo kwenye msumari.

"Kaeni."

"Mama, niache nifungue mimi," Fundi Miwani alisema.

"Nimesema kaeni. Wote. Aliyemwacha ndiye atakayemfungulia."

"Hutamfukuza," mzee alisema. "Nakuomba. Nifukuze mimi, sanduku langu hili hapa. Yule usimfukuze."

Mama alipanga kitambaa chake kichwani kwa mikono miwili, akakaza fundo, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kuingia chumba cha kujifungulia. Alifungua mlango wa mbao kiasi cha mwili wake kupita, akapita, akaurudisha nyuma yake. Wakasikia nondo ikifunguliwa, halafu ikibamizwa ukutani. Kisha wakasikia kitu ambacho hawakukitegemea: ufunguo ukizunguka kwenye mlango wa mbao kwa nje. Mara moja. Mara ya pili.

"Ametufungia," Mwalimu alisema.

Fundi Miwani aliukimbilia mlango, akaweka jicho kwenye kile kitundu cha kuchungulia. Aliona kitambaa cha kichwa cha mama yake, karibu mno, kimeziba kila kitu. Kando ya sikio la mama palionekana kipande kidogo cha bega la mtu na koti la rangi ya machungwa.

Bega lile lilisogea karibu zaidi.

Kisha sauti ngeni, nzito kidogo, ikasema kwa Kiswahili kilichokaririwa, neno moja moja:

"Mimi. Mtoto. Wako."

Mama alijibu kitu. Alijibu kwa lugha ambayo wanawe hawakuwahi kumsikia akiitamka, lugha ya mtoni, haraka na chini, na haikuwa na upole ndani yake. Yule mwingine akajibu kwa lugha hiyohiyo. Sauti zikapanda. Zikapandiana.

"Wanasema nini?" Mwalimu alimvuta baba yake. "Baba, wewe unaijua. Wanasema nini?"

Mzee Pantoni alikuwa amebandika sikio kwenye ubao. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Amemwambia," alianza, na hakumaliza.

Kwa sababu hapo ndipo lilipolia kofi. Kofi moja, kavu, ngazi nzima ikaitika kutoka juu hadi chini.

"Nani kampiga nani?" Mwalimu aliuliza.

Fundi Miwani hakuona. Kitambaa kiliyumba mbele ya kitundu, kisha kikaondoka, na mbele yake pakabaki ukuta mtupu wa ngazi, na chini ya ukuta sanduku la mgeni limelala ubavu. Nyayo zilikuwa zinashuka kwa kasi. Za mtu mmoja, za wawili, hakuweza kutenganisha.

Mzee alianza kuupiga mlango kwa ngumi zote mbili akimwita mkewe. Huko chini kabisa, mbele ya jengo, mlango wa gari ulifungwa. Ukafungwa na wa pili. Kisha teksi iliyomleta mgeni ikaondoka. Tukutane wiki ijayo, msomaji.